Kamba Iliyofuliwa

Kifaa kilifika mezani kwa Inspekta Chausiku Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Koplo Audax alikuwa amekileta kwa pikipiki kutoka Pugu, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Ndicho chenyewe, afande. Ile GPS aliyokuwa nayo mama."

Chausiku hakukigusa. Aliandika kwanza kwenye daftari lake: siku, saa, nani kaleta, nani kapokea. Kisha akauliza, "Kimeokotwa wapi hasa?"

"Juu ya kilima, kando ya njia ya matembezi. Jana saa tisa alasiri. Aliyekiokota ni mmoja wa kikundi alichotembea nacho mama, anaitwa Benson. Toka hapo watafutaji wote wamehamishiwa juu. Watu arobaini na mbwa wawili. Mpaka naondoka alfajiri hawajapata hata uzi."

"Na bondeni?"

"Bondeni waliacha jana ileile. Walisema kifaa kilipo ndipo mwenyewe alipo."

Mama aliyekuwa anatafutwa ni Apolonia, muuguzi mstaafu wa miaka sitini na minne, mkazi wa Mwananyamala. Jumamosi asubuhi alitoka na wenzake tisa wa kikundi cha matembezi kwenda vilima vya msitu wa Pugu, kama walivyofanya kila mwisho wa mwezi. Saa saba mchana goti lilimsumbua, akawaambia watangulie, yeye atapumzika kidogo na kuwafuata kwa kutumia kifaa. Saa kumi wote walikuwa wamefika kwenye gari isipokuwa yeye. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wake, na mkoba ulikuwa begani kwa Jamali, kiongozi wa msafara, aliyekuwa ameuchukua ili kumpunguzia mzigo. Sasa mama huyo alikuwa amelala nje usiku mara mbili, na Juni usiku kule vilimani huwa na baridi.

Binti yake, Adelina, alikuwa kwenye benchi la koridoni. Alikuwa pale tangu saa kumi na moja alfajiri. Audax, kabla hata ya kuingia ndani, alikuwa amemnunulia chai na chapati kwa mama muuza chai wa getini. Chapati ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

"Mwite," alisema Chausiku. "Na chai yake aje nayo."

Adelina aliingia, akasalimia, akaketi ukingoni mwa kiti. Chausiku alivaa glavu, akakitoa kifaa. Kilikuwa kinajaa kiganjani, cheusi na njano, na kamba ya kuning'inizia begani. Akakibonyeza pembeni. Kikawaka.

"Kizima," alisema Audax.

"Kizima. Tuone kinasema nini."

Ukurasa wa ramani ulifunguka. Palipotakiwa kuwepo mstari wa njia aliyopita mwenye kifaa, palikuwa patupu. Chausiku alirudi nyuma, akafungua orodha ya alama zilizohifadhiwa. Tupu. Hata alama ya mahali walipoegesha gari haikuwepo.

"Labda mama hakukiwasha," alisema Audax.

Adelina alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Mama anakiangalia kile kifaa kama mgonjwa mahututi wa wodini. Kwanza alama ya gari, ndipo anafunga viatu. Wenzake wanamcheka. Ndiyo maana wanampa yeye kila safari, anakaa wa mwisho ili aliyebaki nyuma asipotee."

"Kifaa ni chake?"

"Cha Benson. Yaani cha ofisini kwao Benson, wanapima viwanja. Yeye ndiye mtunza stoo. Anakiazima Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi anakirudisha. Mama huwa analala nacho Ijumaa, anakifuta, anaangalia betri."

"Anaangaliaje?"

"Anazibandika plasta, anaandika tarehe. Ni mambo ya wodini, kila chupa lazima iwe na tarehe. Betri mbili za siku moja zinakaa pamoja, hazichanganywi na za zamani. Akiona mtu kachanganya anagomba."

Chausiku alikigeuza kifaa, akazungusha kitasa cha mgongoni, akafungua. Mlikuwa na betri mbili. Moja nyekundu, moja ya kijani, za makampuni mawili tofauti. Hakuna plasta. Aliziweka juu ya karatasi, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye vile vyuma vidogo vinavyogusana na betri, kutu ya kijani ilikuwa imeanza. Kwenye kona ya kioo, upande wa ndani, kulikuwa na ukungu mdogo kama pumzi ya mtoto dirishani.

"Umande," alisema Audax. "Kimelala nje usiku kucha."

"Vifaa hivi vinatengenezwa kwa ajili ya mvua, Koplo. Umande haukitishi." Alimgeukia Adelina. "Kilikuwa na ubovu wowote?"

"Ule mpira wa chini, unaoziba tundu la waya. Ulikatika upande mmoja. Mama aliuzibia plasta. Alimwambia Benson mara nyingi kwamba kikitumbukia tu majini, kwisha."

Plasta hiyo nayo haikuwepo. Chausiku aliinua mpira kwa ncha ya kijiti cha meno, akachokoa taratibu. Kitu cheupe kilidondoka juu ya karatasi. Akakisogeza kwa kijiti. Kikadondoka kingine, kidogo zaidi.

Audax aliinama. "Chenga za mchele."

Nje mtu alikuwa anabishana na askari wa zamu kuhusu bajaji yake.

"Msituni watu hawakaushi vitu kwenye mchele," alisema Chausiku. "Hiki kimeingia majini, kikapelekwa nyumba yenye ndoo ya mchele, kikakaushwa, kikatiwa betri zozote zilizokuwepo, kikafutwa kila kilichoandikwa ndani, kikarudishwa msituni. Shika hiyo kamba. Inuse."

Audax aliishika kwa vidole viwili, akanusa. "Sabuni ya unga."

"Buti zako zina rangi gani?"

Audax alitazama chini. Buti zilikuwa nyekundu za vumbi hadi kwenye kamba zake. "Nimekaa kule usiku mmoja tu," alisema polepole.

"Ukiazima sufuria kwa jirani, unalirudisha vipi?"

"Nimeliosha, afande. Kitu cha watu hakirudishwi kichafu."

"Basi kuna mtu kaona hivyohivyo."

Adelina alikuwa ameweka kikombe chini. "Mnataka kusema kuna mtu alimwona mama?"

"Nataka kusema kuna mtu aliona kifaa kabla ya jana. Subiri kwanza, mwanangu. Kunywa hiyo chai."

Alifungua skrubu ya klipu ya mgongoni kwa ncha ya kisu. Maji ya kufulia hayakuwa yamefika pale. Ndani ya tundu la skrubu kulikuwa na udongo mkavu, laini kama unga wa muhogo, mweupe.

Alimpigia Jamali simu, akaiweka mezani ili wote wasikie. Kabla haijaita, Audax aliinamia mezani na kusema kwa sauti ya chini, "Afande, huyo Jamali ndiye wa mwisho kumwona mama. Mkoba wake anao yeye, simu yake anayo yeye. Mie ningemweka ndani toka jana."

"Ukimweka ndani, nani ataniambia rangi ya udongo?"

Jamali alipokea akihema. Alikuwa mtu wa Kisarawe, mwenye miaka hamsini, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapo kilimani mlipo, udongo wake rangi gani?"

"Mwekundu. Mwekundu na changarawe."

"Mweupe uko wapi?"

"Mweupe ni chini, machimbo ya zamani, walikokuwa wanachimba ule udongo wa vyungu. Pembeni ya kijito. Lakini sie hatukupita kule, njia yetu ilikuwa ng'ambo."

"Pale mlipomwacha mama Apolonia, pana miti mingi?"

"Msitu mnene. Jua hulioni."

"Unawafundisha nini, kifaa kikipoteza setilaiti chini ya miti?"

"Nawaambia wasihangaike, wasikizimezime. Watafute mahali pa wazi, wasimame, wakishike juu, wasubiri kishike tena."

"Mahali pa wazi pa karibu na alipokaa ni wapi?"



"Machimbo," alisema Jamali. "Mola wangu. Nimemtuma mwenyewe."

"Hujamtuma. Ulimfundisha vizuri, naye akafuata. Shusha watu."

"Nashusha sasa hivi. Lakini mama, machimbo ni makubwa, yana mashimo mia, mengine yamefunikwa na magugu. Toka huku juu ni mwendo wa saa moja na nusu, na kule chini tunaweza kuzunguka mpaka kesho. Kesho hatuna. Nipe pa kuanzia."

"Nitakupa," alisema Chausiku, akakata simu. "Koplo, Benson anakaa wapi?"

Adelina ndiye aliyejibu. "Nyuma ya shule. Ni dakika tano kwa gari." Alikuwa amesimama tayari.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kibaraza kilichofagiliwa na kumwagiwa maji. Chausiku alimwomba Adelina abaki ndani ya gari, naye akabaki, ameshika mlango kwa ndani. Mke wa Benson alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Aliitwa Bupe, mwanamke wa makamo mwenye uso mpana na mwendo wa upole. Alipiga magoti kidogo kwa desturi ya kwao.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Benson kalala, ana homa toka jana usiku. Simu nimeizima mie, apumzike."

"Marahaba. Pole na mgonjwa."

Bupe aliwapa viti, akaleta maji ya kunywa kwenye jagi lenye kitambaa juu, akammiminia Audax glasi ya pili mara tu alipomaliza ya kwanza. Chausiku alikunywa yote. Kwenye kona ya jiko la nje kulikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko, na juu yake ungo.

"Mchele wenu unanukia," alisema.

"Wa Kyela, mama. Dada yangu ananitumia."

"Ndio mliokaushia kile kifaa cha ofisini?"

"Ndio huohuo." Bupe alitabasamu, mtu aliyefurahi kwamba kazi yake imeonekana. "Kilikuja Jumamosi kimelowa chepechepe. Benson alisema kimemponyoka akivuka maji. Nikakifukia ndani ya mchele usiku kucha, asubuhi kikawaka. Betri nilitoa za redio na za saa ya ukutani. Na ule mkanda wake nikaufua, maana ulikuwa na matope meupe, na kitu cha watu hakirudishwi hivyo. Kwani kimegoma tena?"

"Hakijagoma. Ulikitunza vizuri."

"Afadhali. Maana baba wa watu hakulala." Kisha macho yake yakatua kwenye sare ya Audax, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, na tabasamu likaondoka. "Mama, kuna nini?"

Pazia la mlango lilisogea. Benson alisimama pale akiwa na fulana na kikoi, mwanamume mrefu aliyeinama mabega. Hakuwa na homa. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukesha.

"Bupe, ingia ndani," alisema.

"Abaki," alisema Chausiku. "Keti, Benson. Sina muda, na wewe unajua kwa nini. Kifaa ulikiokota wapi?"

"Kilimani, afande. Nimeshaandika maelezo."

"Kilimani hakuna maji."

Benson alimtazama mkewe, akatazama ndoo. Akaketi.

"Kijitoni," alisema.

"Lini?"

"Jumamosi. Saa kumi na mbili jioni, wakati tunamtafuta mara ya kwanza. Kilikuwa majini, kina kifupi, hivi. Kimezima."

"Kwa nini hukusema?"

"Kifaa si changu. Ofisini hakuna anayejua kwamba kinatoka. Aliyekuwa mtunza stoo kabla yangu alifukuzwa kwa kuazimisha ngazi, afande. Ngazi tu. Nikasema nikikausha kwanza, kikiwaka, nitakitoa, Jumatatu kitarudi kwenye kabati lake. Niliita pale. Niliita sana. Hakuna aliyeitika, na giza likaingia. Nikajua ameshavuka, kimemdondoka tu njiani."

"Ulijua?"

Benson alikaza fundo la kikoi chake.

"Kwa nini kilimani?"

"Pakavu. Ningesema kijitoni, wangeuliza kimelowa au hakijalowa. Na watu walikuwa wengi, nikasema watafika kila mahali tu. Sikujua watahama wote."

"Walipohama ukaona."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Bupe alikuwa amekaa chini sakafuni, mkono mdomoni. Audax aliandika. Chausiku aliongea kwa sauti ileile, si juu wala chini.

"Njia iliyokuwa ndani ya kifaa uliifuta wewe?"

"Ndiyo. Nilipokiwasha hapa asubuhi kikachora mstari mmoja mrefu toka msituni mpaka hapa nyumbani. Nikaogopa. Nikafuta vyote."

"Kabla ya kufuta, ulitazama."

"Nilitazama kidogo."

"Ile ya mama Apolonia iliishia wapi? Fikiri. Usinipe jibu la haraka."

Benson alifumba macho. "Kulikuwa na mstari mzuri, halafu ukakatikakatika. Halafu ukatokea juu ya kijito, upande wa machimbo. Pale pakawa na takataka, mistari imejiviringa kama uzi uliochanganyika. Nikajua kifaa kimeharibika kwa maji."

Chausiku alikuwa ameshampigia Jamali. Alimweleza kuhusu uzi uliochanganyika.

"Huo si ubovu, mama," ilisema sauti ya Jamali, na nyuma yake ilisikika miguu ya watu wengi wakishuka. "Mtu akikaa sehemu moja muda mrefu, kifaa kinayumbayumba, kinachora hivyo hivyo. Fundo lilikuwa kubwa?"

Benson alionyesha kwa kidole na gumba. Chausiku akasema, "Kubwa."

"Basi alikaa hapo saa kadhaa. Alikuwa nacho mkononi."

Benson alifumbua macho. Mtunza stoo alikuwa ametoa na kupokea vifaa vile kwa miaka sita, akivihesabu na kuviandika, na hakuwa amewahi kutembea na kimoja. Ilimchukua muda kuelewa alichosikia: mama hakuwa amevuka. Kisha alianza kuvaa viatu bila soksi.

"Kuna mti umeanguka, umekatiza kijito," alisema. "Nilikiokota chini yake, hatua mbili. Nitawaonyesha. Nitawaonyesha mwenyewe."

"Utatuonyesha. Na maelezo mapya utaandika leo."

Bupe alitoka nyuma yao na blanketi na chupa ya uji. Hakumtazama mumewe. Alivipitisha dirishani kwa Adelina, asiyemjua, akasema, "Mpatie akionekana," akarudi ndani.

Foleni ya Buguruni iliwalia dakika arobaini. Benson alikuwa amekaa nyuma kati ya Audax na mlango. Adelina alikuwa mbele, kwa hiyo hakuuona uso wake. Alikuwa amesikia yote, maana dirisha la gari lilikuwa wazi na kibaraza kilikuwa karibu. Walipofika njia panda ya Pugu ndipo aliposema neno moja, bila kugeuka.

"Mama alikuombea kazi ile ya stoo, Benson."

"Ndiyo, dada."

"Basi."

Walipoingia msituni kwa miguu, saa sita ilikuwa imepita. Benson alitangulia. Hakukosea njia hata mara moja. Kwenye mti ulioanguka walimkuta Jamali na watu kumi wa kwanza, wamelowa mpaka mapajani. Juu yao ukuta wa machimbo ulipanda mweupe, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na katikati yake vichaka vilikuwa vimeota kwenye kingo za zamani za wachimbaji.

"Tumeita," alisema Jamali. "Kimya."

Chausiku alisimama mahali alipoonyeshwa na Benson. Hakutazama maji. Maji yalikuwa kidogo mno kuweza kubeba kitu kutoka mbali. Alitazama kulia, kushoto, kisha akainua kichwa. Moja kwa moja juu ya pale, kwenye ukingo wa pili, kichaka kimoja kilikuwa na tawi lililovunjika na majani yake yalikuwa yamekauka.

"Pale," alisema. "Leteni kamba. Pandeni kwa pembeni, msimwangushie mawe."

Walimpata saa saba na robo. Alikuwa ameegemea ukuta, mguu wa kushoto umekunjika chini yake isivyo kawaida, kilemba chake amekifungia juu ya goti kama bandeji. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa anapumua. Jamali alipomgusa shingoni alifungua macho, akamwambia kitu, na Jamali, mtu mzima, akaweka paji la uso wake kwenye mkono wa yule mama na kukaa hivyo kidogo kabla ya kuita wenzake.

Ilichukua saa nzima kumshusha kwa machela. Chini, Adelina alimfunika blanketi na kumpa uji kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone, kama mama mwenyewe alivyomwelekeza kwa kidole. Mhudumu wa gari la wagonjwa alikata suruali kwa mkasi. Mguu ulikuwa mweusi kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Mhudumu alitaka kuufunika haraka.

"Acha nione," alisema Apolonia. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Alijiinua kidogo juu ya kiwiko, akautazama mguu wake kwa jicho la kazi yake ya miaka thelathini na tano. "Jana mguu huu ungepona," alisema, akajilaza.

Watu wanne walishika machela. Wa tano alihitajika upande wa kichwa, maana njia ilikuwa mbaya, na aliyekuwa karibu alikuwa Benson. Audax alimtazama inspekta wake. Chausiku alikubali kwa kichwa.

Apolonia alimwona akiwa juu yake, uso umegeuka.

"Benson. Ni wewe?"

"Ni mie, mama."

"Mwanangu, nisamehe. Kifaa cha ofisini kwenu nilikitupa majini." Alipumzika, akameza. "Sauti ilikuwa imeisha. Nikasema nikitupe pale chini njia inapovuka. Atakayekiokota ataangalia juu."

Wabebaji walikuwa wamesimama. Jamali aliangalia maji. Adelina alikuwa ameshika mkono wa mama yake, na mkono wake mwingine ulikuwa umekaza ukingo wa blanketi.

"Alikiokota nani?" aliuliza Apolonia.

Chausiku angeweza kujibu. Jibu lilikuwa kwenye daftari, na saa yake, na mahali pake. Alingoja.

"Mie, mama," alisema Benson.

"Lini?"

"Jumamosi. Jioni ileile."

Yule muuguzi alimtazama muda mrefu. Alikuwa anahesabu, mtu yeyote aliyewahi kukaa wodini angejua kwamba anahesabu saa. Jumamosi jioni, Jumapili, Jumapili usiku, mpaka sasa. Hesabu ilipofika mwisho macho yake yalijaa, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Adelina ndiye aliyemfuta.

"Nilikusikia ukiniita," alisema.

Machela iliyumba upande wa Benson. Audax alipiga hatua kuja kumpokea.

Apolonia alikuwa ameshafumba macho. Aliongea akiwa hivyo, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Shika vizuri, mwanangu. Hapo mbele pana utelezi."

Benson alishika. Wakaanza kutembea.